Mashine ya chakula cha samaki DGP60: inamfaa nani, na nani aiache dukani

Mfugaji wa sato kwenye vizimba vya Ziwa Victoria hutumia shilingi 6 hadi 7 katika kila shilingi 10 kununua chakula. Vifaranga, nyavu, mlinzi, mtumbwi na mafuta ya injini vyote hugawana kinachobaki. Basi akikaa na kalamu yake jioni, wazo la kwanza linalomjia ni lilelile: kwa nini nisitengeneze mwenyewe? Mashudu ya alizeti yapo, dagaa wapo, pumba za mpunga zinamwagwa mashineni. Muuzaji wa mashine naye analijua wazo hilo kabla mteja hajafungua mdomo.

Mashine moja inayouzwa sana kwa watu wa aina hii ni DGP60. Jina hilo si la kampuni. Viwanda vingi vya China vinaiunda kwa herufi zilezile, na namba 60 ni unene wa skrubu yake kwa milimita. Wadogo zake ni DGP40, wakubwa wake DGP70 na DGP80. Karatasi ya muuzaji husema DGP60 inatoa kilo 120 hadi 150 kwa saa, mota kubwa ni ya kilowati 15, na inakuja na sahani kadhaa za matundu ya kuanzia milimita 1 hadi 6. Mengi katika karatasi hiyo ni kweli. Tatizo liko katika yale ambayo karatasi haiyagusi, na ndiyo yanayoamua kama mashine itakulipa au itakula mtaji.

Tuanze na kazi yake. Unga uliochanganywa na kuloweshwa kidogo hushuka kutoka kwenye hopa, skrubu ndogo ikausukuma ndani ya silinda. Humo skrubu kubwa inaubana, msuguano unazaa joto, na bangili za umeme zilizoivaa silinda zinaongeza joto hadi kupita nyuzi 120. Wanga unaiva na kuwa kama ugali mzito unaonata. Unapotoka kwenye tundu la sahani, shinikizo linaachia ghafla, maji yaliyomo yanageuka mvuke, na tembe inavimba na kujaa vitundu vidogo vya hewa. Kisu kinachozunguka kinaikata. Hewa hiyo ndiyo inayoifanya ielee.

Kuelea kwenye kizimba si urembo. Mfugaji wa bwawa tembe ikizama bado iko ndani ya bwawa, na sato anaweza kuifuata chini. Kizimbani, tembe inayozama hupita katikati ya samaki, ikatoka kwenye wavu wa chini na kwenda zake kilindini. Umelisha ziwa. Tena hujui umelisha ziwa, kwa sababu huoni chochote juu ya maji. Tembe inayoelea inakuambia kila kitu: samaki wanakula kwa pupa, wanapunguza, wameshiba, acha. Kwa hiyo zile mashine za bei nafuu za kukandamiza, zinazotoa tembe ngumu inayozama, zinafaa bwawani na hazifai kizimbani hata kidogo. Kwa mtu wa vizimba, DGP ndiyo ngazi ya chini kabisa anayoweza kuanzia.

Sasa hesabu ambayo muuzaji hakufanyii. Chukua kizimba cha mita 5 kwa 5 chenye kina cha mita 4. Weka vifaranga 6,000. Wakifika sokoni asilimia 90, kila mmoja gramu 350, una samaki 5,400, yaani kilo 1,890. Ukilisha vizuri, kilo 1.6 za chakula zikatoa kilo 1 ya samaki, umetumia takriban kilo 3,000 kwa mzunguko mzima wa miezi saba. DGP60 ikienda kwa kilo 120 kwa saa inatengeneza kilo hizo 3,000 kwa saa 25. Siku nne za kazi! Miezi saba yote iliyobaki imekaa kwenye banda inashika kutu.

Igeuze hesabu upande wa pili. Mashine ikifanya kazi saa 6 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, inatoa tani 18 kwa mwezi. Kizimba kimoja kinakula wastani wa kilo 430 kwa mwezi. Kwa hiyo mashine moja ya DGP60, ikitumiwa kwa nguvu ya kawaida tu, inalisha vizimba 40 na ushee. Mwenye vizimba vinne anaponunua mashine hii amenunua basi la abiria 60 kwa ajili ya kupeleka watoto wake wanne shule.

Hiyo ni hesabu ya kwanza. Ya pili inauma zaidi. Wafugaji wengi hulinganisha bei ya kilo ya chakula cha dukani na bei ya kilo ya chakula chao, wakaona chao ni rahisi, wakafurahi. Kilo ya chakula hailiwi na mteja; mteja analipa kilo ya samaki. Tuseme chakula kizuri cha kiwandani kinakupa kilo ya samaki kwa kilo 1.5, na chakula chako cha nyumbani kinahitaji kilo 2.2. Gawa 1.5 kwa 2.2, unapata 0.68. Maana yake chakula chako lazima kiwe na bei pungufu kwa asilimia 32 kuliko cha dukani ndipo mpate kufanana tu. Faida bado hujaiona. Na ndani ya bei ya chakula chako weka umeme, vijana watatu wa kazi, vipuri, na kile kiasi kinachoharibika kila unapowasha na kuzima. Halafu ongeza kwamba samaki wa chakula hafifu anachelewa mwezi mmoja au miwili kufika gramu 350, na mwezi huo mlinzi analipwa na kizimba hakijaachia nafasi ya vifaranga wapya.

Asilimia 32 inaweza kupatikana. Lakini haipatikani kwa kununua mashine. Inapatikana kwenye malighafi na kwenye mkono wa anayeiendesha.

Upande wa malighafi, mchanganyiko unaotembea vizuri kwenye DGP60 kwa sato wa kukuza ni huu, kwa kila kilo 100: mashudu ya soya kilo 25, dagaa kilo 15, mashudu ya alizeti kilo 20, pumba laini za mpunga kilo 10, unga wa mahindi kilo 18, unga wa muhogo kilo 10, na kilo 2 za mchanganyiko wa vitamini na madini. Unakupa protini ya asilimia 28 hivi, kiwango kinachomtosha sato aliyepita gramu 100. Mahindi na muhogo wapo kwa ajili ya wanga zaidi kuliko chakula. Wanga ukishuka chini ya asilimia 20 tembe haivimbi, na mtu anaweza kupandisha joto mpaka silinda ing'ae bila kupata tembe moja inayoelea.

Hapa ndipo wengi wanapokwama bila kujua kwa nini. Wanabadilisha mashudu ya soya na kuweka soya nzima iliyokaangwa, kwa sababu soya nzima inapatikana kwa urahisi. Soya nzima ina mafuta karibu asilimia 18. Mashudu ya alizeti ya mashine zetu ndogo za kukamua nayo yamebaki na mafuta mengi, mara nyingi asilimia 10. Pumba laini zina mafuta yake, dagaa wana yao. Jumlisha: mchanganyiko umefika asilimia 10 au 11 ya mafuta kabla hujaongeza tone. Mafuta yanailainisha silinda, msuguano unapotea, joto halipandi, tembe zinatoka nzito na laini na kuzama. Fundi anaitwa, anabadilisha sahani, anakaza mkanda, anapandisha joto, mashine haina kosa lolote. Dawa ni kubaki chini ya asilimia 8 ya mafuta wakati wa kupika, na kama samaki wanahitaji zaidi, nyunyizia mafuta juu ya tembe zikishapoa.

Dagaa wanastahili aya yao wenyewe. Dagaa wa ziwani wengi wao huanikwa mchangani, na wengine huongezewa mchanga kwa makusudi ili gunia lipime. Mchanga huo unakuumiza mara mbili. Unaulipia kama protini, kisha unaingia kwenye silinda na kufanya kazi ya msasa. Skrubu inaliwa kwenye ncha zake, nafasi kati yake na silinda inapanuka, unga unaanza kurudi nyuma badala ya kwenda mbele, na mashine iliyokuwa inatoa kilo 120 inatoa 70. Kipimo chake hakina gharama. Saga kiganja kimoja cha dagaa, tia kwenye glasi ndefu ya maji, koroga kwa nguvu, acha dakika mbili. Nyama inabaki juu na katikati. Kilichokaa chini kikiwa kigumu, chenye kung'aa, kinacholia unapokisugua na kijiko kwenye kioo, ni mchanga. Tabaka likiwa nene kama shilingi, rudisha gunia. Dagaa waliokaushwa kwenye chanja wana bei ya juu, na kwa mwenye DGP ndio wa bei rahisi.

Mahindi na mashudu yaliyopata unyevu yana balaa jingine, sumukuvu. Kuna imani kwamba joto la mashine litaiua. Haliiui. Ukungu wenyewe unaweza kufa, lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa inavumilia joto hilo na kuingia kwenye tembe, na samaki wanadumaa huku wakila vizuri. Mahindi yenye ukungu hayaingii mashineni, hata yakitolewa bure.

Twende kwenye uendeshaji. Kabla ya kufika DGP60, unga lazima uwe umesagwa laini kwa kinu cha nyundo chenye chekeche ya milimita 1 au chini. Kanuni nyepesi: chembe isizidi theluthi moja ya tundu la sahani. Kipande cha ganda la alizeti kilichoponyoka kinaziba tundu moja, unga unaelemea matundu mengine, tembe zinatoka zenye urefu tofauti, na baadaye sahani nzima inaziba. Ukiona tembe zinatoka kwa kasi upande mmoja na polepole upande mwingine, usilaumu kisu. Angalia chekeche.

Unyevu ndio usukani wa mashine hii. Unga ukiingia na maji asilimia 22 hadi 25 unapika vizuri. Kipimo cha mkono: kamata unga, bana ngumi, fungua. Donge likae, ukiligusa kwa kidole lipasuke vipande viwili au vitatu, na kiganja kisibaki na maji. Likisambaa lenyewe ni kavu. Mashine itakoroma, ampia zitapanda, tembe zitatoka zimeungua na harufu ya kahawa. Donge likikubali umbo la kidole kama udongo wa mfinyanzi, lina maji mengi. Tembe zitatoka laini, zitashikana, na nyingi zitazama. Changanya maji polepole kwa kunyunyizia, kisha funika unga dakika 20 kabla ya kuuingiza ili maji yafike ndani ya chembe.

Kuwasha kuna utaratibu. Washa bangili za joto kwanza, subiri hadi zifike kiwango, na usiguse mota kabla ya hapo. Anza kulisha unga wenye maji mengi kuliko kawaida, kidogokidogo, ukiitazama mita ya ampia kwenye kabati la umeme. Mota ya kilowati 15 kwenye umeme wa njia tatu (three-phase) hufikia mwisho wake karibu na ampia 29. Mahali pazuri pa kufanyia kazi ni kati ya 20 na 25. Dakika 10 za kwanza utapata takataka: vipande virefu, vibichi, vinavyozama. Virudishe kusagwa. Kisha utaona tembe zinaanza kuruka kutoka kwenye kisu, nyepesi, mviringo, zikitoa mvuke. Chukua 100, zitie kwenye ndoo ya maji, hesabu baada ya nusu saa. Zikielea 95, endelea. Zikielea 70, punguza maji kidogo au punguza kasi ya kulisha, pima tena. Anayeruka kipimo hiki akaenda kufunga mifuko moja kwa moja atakipima kizimbani, na hapo kila tembe inayozama ni fedha.

Sasa umeme. DGP60 inataka njia tatu, na ufukwe mwingi wenye vizimba hauna njia tatu. Kuvuta laini ni gharama na ni miezi. Jenereta la kuiendesha lisipungue kVA 40, kwa sababu mota inapoanza inavuta kuliko inapotembea, na kinu cha nyundo nacho kina mota yake. Lakini linaloua mashine ni umeme kukatika katikati ya kazi. Unga ulioiva unabaki ndani ya silinda ya moto, unaendelea kukauka, na ndani ya muda mfupi umeshika kama saruji. Umeme ukirudi, kijana anabonyeza kitufe. Mota inanguruma, skrubu haizunguki, mkanda unaungua au gia inakatika jino. Mashine ya aina hii inaweza kufa kwa namna hiyo. Umeme ukikatika, vaeni glavu nene mara moja, fungueni sahani ya mbele ingali moto, toeni unga kwa kuzungusha skrubu kwa mkono ukiwezekana. Ikishaganda, pasha bangili kwa muda mrefu mpaka donge lilainike, fungua, chokoa. Kamwe usiilazimishe kwa mota. Na kila jioni, kabla ya kuzima, pitisha kilo chache za pumba zilizoloweshwa sana ili zisafishe silinda.

Kukausha ndiko kunakosahaulika kabisa. Tembe zinatoka na unyevu wa karibu asilimia 20, na lazima zishuke hadi 10 ndipo ziwekwe kwenye mfuko. Kwa kila tani moja ya chakula kikavu unaondoa lita 125 za maji, ndoo sita kubwa. Kwa kazi ya siku moja ya kilo 720, ukitandaza unene wa sentimita 2, unahitaji turubai la mita 9 kwa 10, na jua la uhakika. Masika huna jua hilo. Tembe iliyokauka inavunjika kwa mlio ukiibana kwa kucha; inayonepa bado. Ikifungwa hivyo, ndani ya wiki moja mfuko una joto katikati, na wiki ya pili una ukungu. Anayepanga kununua DGP60 bila kikaushio apange pia kulala miezi ya mvua.

Jambo la mwisho la jikoni: vitamini C haipendi joto. Mchanganyiko wa kawaida wa vitamini ukipikwa pamoja na unga, sehemu kubwa ya C inapotea. Ishara zake zinakuja baada ya wiki nyingi: samaki wenye migongo iliyopinda, vidonda visivyopona. Dai ile aina inayostahimili joto, au changanya vitamini na mafuta unayonyunyizia mwishoni.

Tembe ndogo za vifaranga usihangaike nazo. Sahani ya milimita 1 inaziba kwa urahisi, na kwenye matundu madogo kilo kwa saa hushuka vibaya. Kwa kizimba chetu cha mfano, chakula cha kuwafikisha vifaranga gramu 50 hakizidi kilo 400 kati ya 3,000. Nunua hicho dukani, cha protini asilimia 40, kizuri kuliko vyote unavyoweza kulipia. Hata kampuni kubwa haipati faida kwa kubana umri huo.

Na kuhusu kampuni kubwa: watu wengi wanavutwa na DGP60 kwa sababu wamesikia kwamba wakubwa wanashinda kwa kumiliki mnyororo wote, toka kifaranga hadi sahani ya mteja. Ni kweli wanashinda hivyo. Lakini tazama walianzia wapi. Mowi ya Norway, kinara wa samoni duniani, iliyokuwa ikiitwa Marine Harvest, ilifungua kiwanda chake cha chakula huko Bjugn mwaka 2014. Mwaka huo ilivuna zaidi ya tani 400,000 za samaki. Kiwanda cha pili, Kyleakin kule Uskoti, kilifuata mwaka 2019. Miaka mingi kabla ya hapo ilikuwa na mayai yake, vizimba vyake na viwanda vyake vya kuchakata, huku chakula ikikinunua. Yalelo ya Zambia, pale Siavonga kwenye Ziwa Kariba, ilijenga kituo cha vifaranga, vizimba, malori ya baridi na maduka yake. Kiwanda cha chakula kilichofunguliwa mjini hapo mwaka 2017 kilikuja na Aller Aqua ya Denmark, watu ambao kazi yao ya siku zote ni chakula cha samaki. Victory Farms ya Homa Bay, Kenya, nguvu yake iliyoonekana mapema ni matawi yenye vyumba vya baridi ndani ya miji, ambako akina mama wauza samaki wanachukua mzigo asubuhi na kwenda nao sokoni.

Waliofanikiwa walishika kwanza ncha mbili za kamba: kifaranga na mteja. Chakula, ambacho kinahitaji tani nyingi ili mashine isilale, kilikuja baadaye au kiliachiwa mjuzi. Mfugaji mdogo anayeanza na chakula anaishika kamba katikati, pazito kuliko pote.

Kwa mwenye vizimba vinne, fedha ya DGP60 ina kazi bora. Panda vizimba kwa kupishana wiki 7 au 8, badala ya vyote kwa siku moja, ili uwe na samaki mwaka mzima. Mwenye hoteli au mama muuza samaki hamngoji mtu anayevuna mara moja kwa miezi saba. Kilo 1,890 za kizimba kimoja zivune kwa siku 10, kilo 190 kwa siku. Weka barafu uzito sawa na samaki, iliyopondwa, tabaka kwa tabaka, kwenye masanduku yenye tundu la kutoa maji, kwa maana samaki anayelala kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka anapoteza ladha na rangi ya shavu. Kabla hujatumia hata senti, kwa wiki tatu mfululizo uliza bei ya ufukweni na bei ya sokoni siku ileile, kilo kwa kilo, ukubwa kwa ukubwa. Andika. Tofauti hiyo toa gharama ya barafu na usafiri. Wengi wataona kwamba pengo lililoko hapo ni kubwa kuliko kile walichotaka kuokoa kwenye chakula, na kulivuka hakuhitaji njia tatu wala gia.

Nani basi anunue DGP60? Kikundi au ushirika wenye vizimba 40 vilivyokusanyika, kama vile vilivyotolewa kwa mikopo isiyo na riba kupitia TADB, Benki ya Maendeleo ya Kilimo Tanzania, wenye banda moja, kinu cha nyundo, kikaushio, umeme wa njia tatu, na mtu mmoja aliyeajiriwa kwa ajili ya mashine peke yake. Mtu mmoja, kwa sababu mashine ya zamu haina mwenyewe: kila mmoja anakuta imeganda na kila mmoja anasema ilikuwa hivyo tangu jana. Anaweza pia kununua mfugaji wa mabwawa wa bara aliye karibu na alizeti ya Singida au Dodoma na mbali na duka la chakula, akiwa na jirani za kutosha za kumuuzia. Ila kuuza chakula ni biashara nyingine, ina usajili wake na ukaguzi wake, na mteja wa kwanza atakayepata mfuko wenye ukungu atawaambia wengine kumi.

Kama mashine yenyewe tunaipa alama 7 kati ya 10. Inafanya kile inachoahidi ikilishwa vizuri, fundi wa kawaida wa mtaani anaielewa, na mikanda na beringi zake zinapatikana. Alama tatu tumeziondoa kwa skrubu zinazoliwa haraka na dagaa wetu, kwa kutokuwa na kinga yoyote umeme unapokatika, na kwa vitabu vya maelezo vilivyotafsiriwa hovyo hadi nyuzi za joto zinapingana ukurasa kwa ukurasa. Kwa mwenye vizimba vinne, alama zake ni 3.

Ukiamua kununua, usilipe kwa kuona tembe za maonyesho. Muuzaji anapika mahindi matupu, na mahindi matupu yanaelea kwenye mashine yoyote ya aina hii. Beba kilo 150 za mchanganyiko wako, uliosagwa na kuloweshwa kama ulivyosoma hapo juu, na mizani. Mwambie aendeshe saa nzima mfululizo kwa sahani ya milimita 3. Pima kilichotoka, tazama ampia, fanya kipimo cha ndoo. Kisha zima umeme kwenye swichi kuu huku silinda imejaa, na uone kwa macho yako jinsi fundi wake anavyoifungua na dakika ngapi zinapita. Katika bei idai skrubu moja ya akiba, ganda moja la ndani la silinda, sahani mbili za milimita 3 na mbili za milimita 4, bangili mbili za joto na visu kumi. Vipuri hivyo vikikosekana nchini, mashine inasimama miezi miwili ikingoja meli, na samaki 5,400 kwenye kila kizimba wanataka kula kesho asubuhi.